Nywele Zako Kichwani Mwangu

Dada yangu Aika,

Sijui kama huko uliko habari zinafika, lakini kaburi lako liko hapo nyuma, kwenye migomba, naliona kutoka dirisha hili ninapoandikia. Kwa hiyo nitaongea nawe kama jirani. Nimechoka, dada. Nimeanza na hilo ili lisije likanikaba katikati ya barua.

Mama hanijui tena. Wewe bado anakujua. Tangu masika kumbukumbu zake zinakatika, na kilichobaki wazi kichwani mwake ni wewe na zile nywele zako za kahawia. Kila nikimpelekea mtori anafunga mdomo. "Nitakula akija Aika." Mwanzoni nilikuwa namwambia Aika alishatutoka, naye analia upya kama ndiyo kwanza anapewa taarifa. Nikaacha kumwambia. Akaanza kukonda, mpaka kanga haimkai kiunoni.

Unazikumbuka Jumapili zako? Ulikuwa unapanda huku Marangu kutoka mjini na mfuko wa nyama, tukishakula unakaa kwenye kigoda uani, shati kuukuu la shule mabegani, mimi nimekushikia kioo. Wiki nzima umeshinda saluni ukishika vichwa vya wenzio, lakini chako ulikuwa hutaki mtu akiguse. Mama akipita anasonya: "Mtu mzima unajipaka rangi kama mlango!" Halafu wakati wa kuagana anakupapasa zile nywele taratibu, anachelewesha mkono. Nilikuwa naona. Nilikuwa na wivu kidogo.

Basi na mimi nimejipaka. Nywele zenyewe ndizo zilizoota baada ya kunyolewa kwenye msiba wako, kwa hiyo ni kama zilikuwa zako tangu mwanzo. Nilinunua pakiti ya kahawia, nikavaa mifuko ya plastiki mikononi, nikafuata maelekezo yote. Kisha nikasuuza kwa maji ya pipa, yale yanayoshuka kwenye mabati yetu yenye kutu. Ungeniona ungecheka mpaka ukae chini. Nilitoka na kichwa cha rangi ya chungwa. Nilipoingia na bakuli, mama akajivuta hadi ukutani: "Huyu mwenye kichwa chekundu ni nani? Mtoeni!" Nilienda jikoni nikakaa juu ya kuni nikalia kwa hasira. Sikuwa nimetafuta uzuri mimi, nilitaka ale tu.

Siku hiyo hiyo kaka akapiga simu kutoka Dar kuuliza hali ya bi mkubwa. Nikamwambia mama hali chakula, na nimepaka rangi nywele lakini haijakubali. "Sasa Mkunde, huu ni wakati wa urembo kweli?" Yeye atakuja Desemba na gari limejaa kreti za soda, atushangae tulivyokonda, arudi.

Nikateremka Moshi. Muuza vipodozi akanipa shampuu ya zambarau, eti hiyo ndiyo inayoua wekundu. Niliosha nikaosha tena, haikuua kitu. Ndipo yakanijia maneno yako, siku niliyokuuliza kwa nini povu lako ni la bluu. "Zambarau ni ya njano. Chungwa dawa yake bluu. Na usiniletee maji ya pipa, yana kutu, yatanirudishia wekundu." Nilikuwa nakuchotea ya bomba huku nanung'unika, nikidhani ni madaha ya mjini.

Nikateremka tena, nikaitafuta hiyo bluu mpaka nikaipata. Niliiacha kichwani kidogo nikiwa namenya ndizi za mtori, nikasuuza kwa maji ya bomba. Ule ukali wa chungwa ukapungua. Nikarudia siku zilizofuata, bila haraka, mpaka siku moja nikajitazama kwenye kile kioo chako chenye ufa nikaiona kahawia iliyotulia, ile yako. Nilishtuka, dada. Sikujua kama tunafanana hivyo.

Nikaingia na bakuli. Mama akanitazama sana. "Shimbonyi, Aika?" akanisalimia kwa Kichagga, kwa sauti yake ya zamani. Nikasema, "Shikamoo, mama." "Marahaba." Akafungua mdomo, akala mpaka bakuli likabaki tupu.

Nilifurahi, na iliniuma. Mimi ndiye ninayemgeuza, ninayemwogesha, ninayemfulia, na salamu zinakwenda kwako uliyelala. Nimekuambia wazi ili usisikie kwa mwingine.

Nilipotaka kuondoa bakuli akanivuta, akanipapasa kichwa taratibu, vile vile alivyokuwa akikupapasa wewe. "Aika," akasema, "mdogo wako amechoka sana yule. Anahangaika na mimi mchana kutwa wala hasemi. Ukimwona, mwambie mama amesema apumzike."

Niliinamisha kichwa tu ili aendelee, naye akaendelea mpaka usingizi ukamchukua.

Rangi hii haikai, unaijua. Wekundu umeshaanza kurudi pembeni mwa uso, na chupa ya bluu iko hapa dirishani. Kesho nitaosha tena, nitachota maji ya bomba, nitapika mtori, nitakuwa wewe. Lakini leo mama amelala nami nimekaa, kwa hiyo nimeona nikuandikie kuhusu ule ujumbe aliokupa uniletee. Usihangaike nao, dada. Umenifikia.

Lala salama hapo kwenye migomba. Na mimi naenda kujinyoosha kidogo, kama nilivyoambiwa.

Mdogo wako,
Mkunde