Viti Sita vya Mwijage

Nshambya, Bukoba
9 Agosti 1954

Mpendwa ndugu yangu Mujuni,

Nakusalimu kwa moyo wote, wewe na mkeo Celina. Mnaendeleaje huko Tabora? Homa ya mtoto imetulia? Sisi huku tuko kwenye kuchuma kahawa, na jua la kuanikia tunalo la kutosha. Mama ni mzima, analalamika magoti tu.

Najua umeshangaa kuona mwandiko wangu kwenye bahasha badala ya ule wa baba yetu. Tata hawezi kushika kalamu. Mkono wake wa kulia ulivunjika kwenye kifundo, na aliyeuvunja nakutajia hapa hapa: ni Mwijage, mwenye duka la samani pale sokoni mjini.

Unakumbuka ulitutumia fedha za kununua viti vya kuwapokelea wakwe, siku ya posa ya mdogo wetu Joviana. Nilikwenda kwa Mwijage mimi mwenyewe. Akanionyesha viti sita vinavyong'aa, akagonga kimoja kwa kidole, akasema, "Mvule huu, mama. Mpaka wajukuu zako watavikalia." Nikamwamini, maana tunasali naye kanisa moja. Vikapanda lori mpaka Muleba, na kutoka pale tukavibeba kichwani hadi nyumbani Ngenge.

Siku ya posa wakwe walifika kutoka Kahororo, wakiongozwa na Mzee Karugendo, baba wa kijana. Tata alivaa kanzu iliyopigwa pasi na koti lake la Krismasi. Joviana akapitisha kahawa ya kutafuna. Tata akasimama, akawakaribisha vizuri kama unavyomjua, kisha akaketi ili mazungumzo yaanze.

Mguu wa nyuma wa kiti ukatoka wote. Akaanguka chali, mkono ukabaki chini yake, kanzu ikafunuka mbele ya wakwe. Mtu mmoja wa upande wao akacheka. Nilimwona Tata akipapasa sakafuni kwa mkono wa kushoto akitafuta kofia yake, hataki kumtazama mtu yeyote. Mujuni, tangu nizaliwe sikuwahi kumwona Tata vile.

Posa ikaahirishwa. Joviana alilia siku tatu.

Nilirudi mjini na kile kiti kilichovunjika. Mwijage hakuinuka hata kunisalimu. Akasema mbele ya wateja, "Mimi nawauzia watu waliozoea viti. Ninyi wa Ngenge mnakaa kwenye nyasi, mtajuaje kukalia kiti?" Watu wakaangua kicheko. Nikakibeba kiti changu nikatoka. Lakini kabla sijafika Nshambya nilikuwa nimeshaapa kwamba nitamlipiza.

Nilileta vile vingine vitano kutoka Ngenge, nikamwita jirani yangu Clavery, fundi seremala, akaparua rangi upande wa chini. Zikatokea herufi! Mvule gani, ndugu yangu? Ni mbao za makasha ya kuletea madebe ya mafuta ya taa. Kapaka rangi, kagandisha miguu kwa gundi na msumari mmoja mmoja.

Cherehani yangu, kama ujuavyo, iko kwenye kibaraza kinachotazamana na duka lake. Nikaweka kiti kimoja pembeni yangu, miguu juu, herufi zionekane. Kila aliyeelekea kwa Mwijage nilimwita, "Njoo kwanza usome hapa." Asiyejua kusoma nilimsomea. Wenye harusi, walimu, hata masista waliotaka meza, wote niliwarudisha. Nilifanya hivyo mwezi mzima. Nguo nilizishona ovyo mwezi ule, kwa sababu macho yangu yalikuwa mlangoni kwake. Akamtuma karani wake Protase aniletee kiti kipya ili ninyamaze. Nikamjibu, "Mrudishie. Mwambie akikalie yeye."

Mwisho akanishtaki kwenye baraza la gombolola kwamba namharibia jina. Nilifurahi sana siku nilipoitwa! Akaapa mbele ya hakimu kwamba viti vyake ni mvule, na kwamba mimi ndiye niliyeviharibu. Nikavipanga vyote vitano mbele yao. Hakimu akamwambia achague kimoja, akalie.

Laiti ungekuwepo. Alivizunguka, akavitikisa kimoja kimoja, akachagua, akaketi. Lakini uzito wote aliuweka magotini, kama mtu aliye chooni. Hakimu akainama akamtazama.

"Inua miguu, Mwijage."

Hakuinua. Jasho likamtiririka mpaka kwenye kola.

"Nimesema inua miguu."

Akasimama. Baraza zima likacheka, nami nikacheka kuliko wote. Sikufichi, ndugu yangu: nilitaka aanguke. Nilitaka avunjike.

Aliamriwa atoe viti sita vya mvule wa kweli, avifikishe Ngenge yeye mwenyewe, na amwombe Tata msamaha mbele ya wakwe. Alifanya yote. Posa ilikwisha salama, na harusi ya Joviana ni Jumamosi ya pili ya Oktoba. Jitahidi uombe likizo.

Sasa nikueleze linalonisumbua. Tata alimsamehe siku ile ile. Alimlisha ndizi, akamnywesha rubisi, akamsindikiza mpaka barabarani. Mimi kiti kimoja cha makasha bado nakiweka kibarazani, miguu juu, na dukani kwa Mwijage haingii mtu. Juzi mkewe Anatolia alikuja akanipigia magoti nikiondoe, kwa sababu watoto wao wamerudishwa kutoka shule kwa kukosa ada. Nilimwinua, nikampa maji ya kunywa, nikaendelea kushona.

Tata yuko kwangu tangu wiki iliyopita, anakwenda hospitali, maana mkono umeunga vibaya. Ameniambia nikichome kile kiti. Ameniambia pia nikuandikie kwamba yeye amesamehe. Basi nimekuandikia. Mimi bado. Kila asubuhi namfungia Tata vifungo vya shati, yeye akinitazama, halafu nachukua kiti changu na kwenda nacho sokoni.

Msalimie sana Celina, na shangazi Adventina akipita hapo kwenu. Mwambie Buberwa, mwenzako wa kazini, kwamba mama yake anamngoja. Mungu akulinde kwenye kazi yako ya reli, akulete nyumbani ukiwa na afya.

Ni mimi dada yako nikupendaye siku zote,

Alistidia