Deraya ya Alfani

Msambweni, Alhamisi

Mdogo wangu Jaafar,

Assalamu alaykum. Huku sote tu wazima. Goti la mama limetulia, anakwenda tena shamba Kikoneni, na muhogo umekubali mwaka huu.

Eda yangu ilikwisha Jumatatu. Miezi minne na siku kumi sikutoka nyumbani, na ni wewe, huko Maskati, uliyenifungulia ule mchezo wa simu ili unipunguzie mawazo. Ulinipunguzia kweli. Shujaa wangu nilimpa jina la marehemu mume wangu, Alfani, nikampandisha kutoka daraja la kwanza hadi la sitini. Ile deraya, vazi lake la chuma, niliipigania wiki tatu, kipande kwa kipande.

Jana nilimkuta Alfani amesimama langoni mwa mji na fulana iliyochanika aliyoanza nayo, hana hata upanga. Deraya niliiona mwilini mwa shujaa wako. Neno la siri tulilijua wawili tu. Mama aliniuliza macho yana nini, nikamwambia ni moshi.

Leo nimegawa nguo za kweli za marehemu. Kanzu yake ya Idi nilikuwa nimekuwekea wewe tangu tulipoanua matanga, kwa kuwa mlikuwa kimo kimoja. Nimempa mwadhini. Ungeniomba, Jaafar, ningekupa kanzu na deraya pia.

Neno la siri sijalibadilisha. Hakuna tena cha kumvua.

Dadako,
Hafsa