Togwa Niliyoitema Mbele ya Mazimwi

Märsta, Stockholm
Jumapili baada ya chakula

Mama yangu mzazi,

Shikamoo mama. Na shikamoo nyingine hii ni ya Tumaini, mjukuu wako, amekaa hapa ubavuni ananisimamia nisije nikaandika uongo. Najua hukuitika hata moja. Siku tisa napiga simu, inaita mpaka inachoka yenyewe, hupokei. Nimeona nikuandikie, maana karatasi huwezi kuikatia. Anakuletea dada mmoja nesi wa kwetu anayekuja Songea likizo, mpe maji ya kunywa, ametoka mbali. Mguu wako je, uvimbe umepungua? Shamba mmeshaanza kuandaa? Na yule jogoo mkorofi bado anamkimbiza katekista?

Sisi wazima. Mke wangu Anjela bado yuko hospitali kule Flemingsberg anahudumia wagonjwa, na mimi bado niko uwanja wa ndege. Usidhani nafagia tu, mama. Madege makubwa yanayokwenda Amerika hayaruki mpaka Kizito apitishe mkono wake ndani. Rubani na kofia yake ananisubiri mimi. Nikisema bado, ni bado.

Sasa nije kwenye lililokukasirisha. Shangazi Skola amekwambia kwamba ameniona kwenye simu kwa macho yake mawili, nimelewa chakari mchana, mdomo unachuruzika damu, nimezungukwa na misukule, na mwanangu yupo hapohapo anatazama. Mama, aliyoyaona shangazi ameyaona kweli. Ila simu ilianguka, mwisho hakuuona. Vuta kigoda ukae nikueleze, ukimaliza ndipo unilaani kama hamu bado unayo.

Huku mwishoni mwa Oktoba wana sikukuu ya mazimwi. Mimi mtu niliyetembea, hakuna kitu cha dunia kinachonishtua, lakini hii ilinitoa macho. Mtu mzima ana shahada zake, ananunua boga zuri la kula, analichonga macho na meno, nyama ya ndani anatupa! Boga, mama! Anawasha mshumaa ndani, anaweka mlangoni. Jirani yangu, mzee mstaarabu, fundi umeme, kajenga makaburi ya maboksi mbele ya nyumba yake, na mkono wa plastiki unachomoza ardhini. Siku ya kwanza nilipouona niliruka nikapiga ishara ya msalaba, nikaangusha mikate. Yeye akanipungia. Watoto nao wanavishwa sanda na mama zao wenyewe, halafu wanapigwa picha wacheke!

Tumaini akasema na yeye anataka kuwaita wenzake wa darasani, kumi na watano, kwenye chumba cha wapangaji kule chini ya jengo letu. Nilishtuka zaidi ya ule mkono. Mtoto huyu hajaita mtu nyumbani tangu alipotimiza miaka tisa. Siku hiyo unaijua, ndiyo iliyonifanya nikuapie. Nililewa nikalala juu ya keki. Watoto wa watu walikuja kuchukuliwa na wazazi wao mimi nakoroma na malai ya keki puani. Ni mwaka na miezi kumi sasa sijatia kitu mdomoni, na nilikuapia kwa jina la baba, ambaye pombe hiyohiyo ilimlaza kabla ya siku zake. Kwa hiyo Tumaini aliponiomba mimi, baba yake, nisimamie vinywaji, siku ambayo mama yake yuko zamu, uelewe mwenyewe aliniomba nini.

Anjela akaniuliza: "Utaweza?"

"Mke wangu, mimi nimepikia harusi mbili Mbinga, watu wakalamba masufuria."

"Sijauliza kupika, baba Tumaini."

Nikaenda kuhesabu vikombe. 

Tumaini alikuwa na karatasi yake ya vinywaji vya mazimwi, visivyo na kileo hata tone, wazazi wote wameambiwa hivyo. Mimi naongea Kiswahili, yeye anajibu Kiswidi, ndivyo tunavyoishi. Akanieleza: unachukua glovu mpya, unajaza maji, unafunga kama puto, unagandisha. Kesho unaichana, unapata mkono wa barafu, unauacha uelee kwenye bakuli la sharubati. Na zabibu unazimenya ngozi ziwe macho.

"Mwanangu," nikamwambia, "wageni wako watakunywa maji aliyonawa maiti?"

Alicheka mpaka akakaa sakafuni. Sijamsikia akicheka na mimi hivyo siku nyingi, mama. Hapo kichwa kikavimba. Nikamwambia soda za kijani za dukani waachie wengine, baba yako atatoa kitu ambacho Uswidi haijawahi kukiona.

Nikapanda treni mpaka Rinkeby kwenye maduka ya Waafrika, nikanunua maua makavu ya rosela na ukwaju. Rosela niliichemsha na mdalasini na karafuu, ikawa nyekundu inang'aa, hiyo ndiyo damu nyepesi. Ukwaju nikauita maji ya kinamasi, mkono wa barafu ndio ukaelea humo. Cha tatu kilikuwa cha kuwaua kabisa: togwa. Togwa ya kimea chako ulichonipa, nikaitia maji ya bitiruti ikawa nzito, nyekundu, damu ya zimwi lenyewe.

Hapa ndipo naomba radhi. Ulinifundisha togwa ichachuke siku moja, ikizidi sana mbili, na chungu kifunikwe kwa kitambaa. Mimi nikajisemea mama hajui baridi ya huku. Nikaipa siku nne. Tena ndani ya ndoo ya plastiki, mfuniko nimeubana, ndoo nimeiegemeza kwenye lile chuma la kupasha nyumba joto, na koti langu kubwa nimeizungushia. Halafu watoto wa huku na sukari ni ndugu, nikaongeza kilo nzima. Siku yenyewe mfuniko ulikuwa umetuna kama kofia ya askofu. Nikasema, ona togwa ilivyofurahi! Kunusa sikuweza, mafua yalikuwa yameziba pua zote mbili.

Saa tisa mchana wakaja. Mafuvu, wachawi, mmoja kajiviringisha bendeji mwili mzima. Binti mmoja alikuwa na shoka kichwani na damu mpaka shingoni, nikataka kumpigia simu Anjela, kumbe ni rangi. Jirani yetu Mkongo, Mama Grasi, alikuja kunisaidia kugawa vikombe. Na mimi kwa kutaka sifa, nikampigia shangazi Skola simu ya picha, nikaisimamisha juu ya meza kati ya maboga, aone mtoto wa kaka yake anavyoheshimiwa Ulaya.

Nikachota togwa kikombe cha kwanza. Wewe umenilea hivi: mwenye togwa huonja kwanza mbele ya wageni, wajue hakuna ubaya ndani. Tumaini akawaeleza wenzake kwa Kiswidi, mazimwi kumi na tano yananitazama. Nikainua kikombe, nikapiga funda kubwa.

Mama, pua ilikuwa imeziba lakini ulimi haujasahau. Ilikuwa pombe. Si kuchacha kidogo, pombe yenye meno. Tena ulimi ulifurahi, sikufichi. Mashavu yamejaa, machozi yananitoka, na nikawaza: nikitema, watoto watasema baba yake Tumaini anagawa sumu. Nikimeza, nani atajua? Funda moja tu.

Nikamtazama Tumaini. Hakuwa anaangalia kikombe. Alikuwa anaangalia koo langu.

Nikatema. Nilitema yote ndani ya boga lililokuwa mbele yangu, mshumaa ukafanya tss, moshi ukatoka kwenye meno ya boga, wekundu unanichuruzika kidevuni. Watoto walipiga makofi na mayowe, walidhani ndiyo mchezo wenyewe! Katika kugeuka nikapiga simu kwa kiwiko, ikazama kwenye ukwaju na mkono wa barafu. Mama Grasi akachovya kidole kwenye ndoo, akalamba, akapaza sauti: "Yesu! Kizito, hii haiko jus, hii iko pombe!" Bila shaka hilo ndilo neno la mwisho alilolisikia shangazi kabla simu haijazima. Simu ilikaa kwenye mchele siku mbili ndipo ikapumua, na wakati huo habari ilishafika kwako.

Nikafunika ndoo upesi kabla hata kikombe kimoja hakijagawiwa. Tumaini akaja karibu, na mama, akaniuliza kwa Kiswahili. Mtoto ambaye hata chumvi anaiomba kwa Kiswidi.

"Baba, umemeza?"

"Sijameza."

"Hebu."

Akanishika kidevu, akaninusa mdomo kama mbwa wa forodha. Tulikuwa tumesimama pale na nikaona aibu ambayo siwezi kuiandika. Kisha akasema, "Nanusa kwenye meno. Kasukutue." Nikaenda nikasukutua mara tano, nikarudi, akaninusa tena. "Sawa," akasema. Akashika mkono mmoja wa ndoo, mimi mwingine, tukaenda kuimwaga yote kwenye shimo la maji kule chumba cha kufulia. Ilikuwa ya kimea chako, iliniuma. Yeye aliitazama mpaka tone la mwisho.

Tuliporudi wageni walikuwa wanadai boga litoe tena moshi. Ikabidi nijaze rosela mdomoni nitemee maboga mengine matatu. Rosela ikaisha, ukwaju ukaisha, mpaka ule mkono wa barafu wakaugombania wakautafuna vidole! Nimewahi kushangaa mengi, hilo sijui nitamweleza nani.

Saa kumi na mbili wazazi wakaja. Kila mmoja alinikuta mlangoni nimesimama, nimenyooka, nina aproni ya Anjela, namkabidhi mtoto wake na kofia yake na jina lake. Mama mmoja alikuwepo siku ile ya keki. Alinitazama, akanipa mkono, akasema asante. Asante tu. Nilitaka kumjibu kwa mbwembwe, badala yake nikamfungia mtoto wake vifungo vya koti.

Nisalimie mdogo wangu mpasua mbao, asipande tena paa wakati wa mvua. Nisalimie mjomba wa shamba la kahawa, na katekista, mwambie jogoo huyo achinjwe Krismasi kwa gharama zangu. Shangazi Skola mwambie sina kinyongo, ila simu yangu bado inanata ukwaju.

Jumapili ijayo baada ya misa simu italia kwako. Si namba yangu, ni ya Tumaini. Ipokee, mama. Atakuamkia kwa Kiswahili, anajifunza tangu jana. Mimi nitakuwa nyuma yake, nimenyamaza. Usiniulize kitu. Muulize yeye, ndiye aliyeninusa.

Mwanao uliyemfundisha togwa akajifanya mjuaji,

Kizito