Sadaka ya kiboko, Kibenga

Houda, tangu siku shemeji Obeid alipoenda Kanyosha kulikokuwa na mapigano ya risasi na asirudi, dada Ghanima humlisha kiboko anayetoka ziwani maganda ya ndizi nje ya geti, kama mume wake alivyozoea.

Leo shefu wa kartie, mkuu wa mtaa wetu, amekuja na askari. "Mama, kulisha nyama ya pori kama huyu kiboko imekatazwa. Ataua mutu. Akirudi, tunamupiga risasi."

Dada alisimama mbele ya geti. "Apana, shefu. Mi ndo namuita. Ni sadaka ya marehemu."

"Marehemu gani?"

"Obeid."

Marehemu, Houda. Mwaka mzima dada amemkataza kila mtu kutamka neno hilo, hata imamu, akisema mumewe atarudi. Leo amelitamka mwenyewe.

Shefu amekubali kiboko aachwe, ila maganda yasitoke tena.

Kesho dada anaanza kukaa eda.