Plau Hubana, Tela Hutanua

Kaka yangu,

Shikamoo. Ipokee hata kama mkono unaoiandika unaona haya. Hujambo wewe? Shemeji hajambo? Na wanao, ambao nawajua kwa ile picha moja uliyompelekea shangazi, wanaendeleaje? Sisi huku hatujambo, ila hatujambo yetu ina mambo. Mama anasumbuliwa na miguu, anatembea kwa kushika ukuta, lakini ulimi wake ni mzima. Mpaka juzi alikuwa akinitukana mara tatu kabla ya chai. Paa la jikoni linavuja palepale pa zamani.

Najua utashangaa kupata barua yangu baada ya miaka tisa ya kimya. Sitaki kukuzungusha: nakuandikia urudi nyumbani. Lakini usifunge begi kabla hujasoma mpaka mwisho, maana nina jambo la kukuambia, na nikianza na hilo nitaitupa kalamu. Nivumilie. Unanijua, mambo yangu huenda mshazari.

Nimelifufua trekta la baba. Usigune. Tangu siku ile alipokufa lilikaa nyuma ya banda chini ya turubai, kuku wakitaga kwenye kiti. Nimehangaika nalo miezi miwili, nikabadilisha pampu, nikasafisha tangi, nikajaza matairi upepo. Lilipowaka, mama alitoka jikoni na mwiko mkononi, akauliza kwa nini naamsha waliolala. Nikamjibu kwamba tumechoka kungojea trekta la watu kila msimu mpaka mvua inatupita. Aliingia ndani akafunga dirisha linalotazama banda, na hajalifungua tena.

Unaukumbuka ule ufito wa baba wenye alama mbili za kisu, moja ya plau, moja ya tela? Niliukuta bado umechomekwa darini mwa banda. Nilipoushika nilimsikia, kaka, nilimsikia kabisa, na kikohozi chake juu: plau hubana, tela hutanua. Alikuwa akisema trekta na plau ni mume na mke kwenye shuka moja, mmoja akivuta kwake, mwenzake analala na baridi. Plau yetu ile ya majembe matatu hupindua udongo upande mmoja, na hutaka tairi la kulia lipite ndani ya mfuo uliokwisha kulimwa. Matairi yakiachana mno, jembe la kwanza linakata pana kuliko wenzake, usukani unapigana nawe, na shamba linatoka na nundu. Basi ukilima, unayabana. Ukifunga tela la mzigo kupita mteremkoni, unayatanua, kwa sababu trekta lililobanwa miguu halichelewi kupinduka. Ndiyo maana palikuwa na kile kitambaa chekundu. Aliyebana matairi alikifunga kwenye usukani, na kikiwepo hakuna anayelichukua kwa safari. Sheria hiyo hata mama aliijua.

Nisamehe nikikurudisha siku ile. Hapa nyumbani inasimuliwa hivi. Asubuhi mama alimwambia baba kwamba amezeeka, awaachie watoto usukani. Baba akapandwa na hasira, akapakia kitanda chake na sanduku kwenye tela, akasema anahamia kwa shangazi na asifuatwe. Hakufika. Adhuhuri ulimkuta wewe, wa kwanza, chini ya mteremko, trekta limempindukia, matairi yamebanwa, usukani hauna kitambaa. Watu walipojaa uani mjomba akauliza ni nani aliyeyagusa matairi. Ukasimama ukasema ni wewe, uliyabana ukasahau kitambaa. Mama akasema hataki kukuona tena machoni pake, nawe hukujitetea. Ulichukua lile begi la kijani ukaondoka bila hata kunywa maji.

Kuna jingine ambalo huenda hukulisikia. Siku ya pili mama alishuka mwenyewe mteremkoni, akaona alama za meno ya matairi kwenye udongo mbichi, zimeelekea nyumbani. Nyumba hii tunasoma nyayo za trekta kama wengine wanavyosoma za mbuzi. Meno yamepangwa kama mishale, na mshale hausemi uongo. Basi akasema baba alitoka kwa barabara kuu, moyo ukamlainika njiani, akageuka, akawa anamrudia kwa njia ya mkato. Miaka tisa hiyo ndiyo dawa yake. Kitanda kile kililetwa kimevunjika mguu, kikategemezwa kwa tofali, naye hulala upande mmoja tu. Upande wa pili huutandika upya kila asubuhi, ingawa hakuna aliyeulalia. Mimi pia niliisadiki hadithi hiyo, kaka. Ilinisaidia kumeza chakula.

Sasa sikiliza. Jumanne iliyopita, saa nne asubuhi, nilifunga plau nikapima matairi kwa ufito. Yalikuwa sawasawa kwenye alama ya plau, hayakupungua wala kuzidi kidole. Bila shaka, ni nani angeyagusa? Nikapanda, nikaingia kile kipande cha kisimani. Trekta halikushika. Lilikuwa linateleza, linachimba, linalalamika kama ng'ombe aliyekwama topeni. Nikateremka kutazama. Nyuma yangu kulikuwa na nyayo mbichi zinazokwenda kisimani, na mimi nilikuwa nimetoka kisimani. Haki ya Mungu. Niligeuka kuona ni nani aliyepishana nami, jua linawaka, shamba jeupe, hakuna hata kunguru. Nikamwita baba. Mtu mzima na ndevu zangu, nikamwita baba.

Kisha nikainama kwenye tairi. Meno yalitazama nyuma. Nikazunguka upande wa pili, nayo hivyo hivyo.

Ni mimi, kaka, niliyeyabana, siku moja kabla ya ile. Wewe ulikuwa umeyatanua kwa kazi ya tela, kisha wewe, baba na mama mkaenda kwenye msiba, nikabaki peke yangu. Nilikuwa nimechoka kuitwa Mshazari. Nimechoka kusikia kwamba nyoka akipita kwenye mfuo wangu atavunjika mgongo. Nikasema nitalima kipande cha kisimani, mrudi mkute kimenyooka. Nililiinua trekta juu ya magogo, nikalifungua tairi moja moja, nikaligeuza uso wa nje ukawa wa ndani, maana ndivyo yanavyobanwa, na kulirudisha upande wake uleule. Ulinifundisha mara ngapi kwamba ukigeuza matairi lazima yabadilishane pande, la kulia liende kushoto, ama sivyo meno yatatazama nyuma? Kumi? Nilisahau. Nililima mifuo minne, kaka, trekta likiteleza nami nikilaumu tope, na ilinyooka, na kwa furaha nikasahau na kitambaa. Nilidhani asubuhi nitayatanua kabla mtu hajaamka. Nikapitiwa na usingizi mpaka nikasikia mlio wa trekta likitoka uani na kitanda cha baba.

Nilifungua mdomo uani pale mjomba alipouliza. Unakumbuka ulichofanya? Ulinikanyaga mguu. Ukucha ulikufa, ukaota mwingine, mpaka leo umepinda. Miaka yote nilidhani ulibahatisha tu, kwamba ulinikuta nina uso wa mwizi ukanihurumia. Kumbe uliyaona meno. Ulisimama mteremkoni peke yako ukajua mambo mawili kwa mara moja: kwamba hilo ni kosa langu, hakuna mwingine duniani mwenye kosa hilo, na kwamba nyayo zilikuwa kinyume, baba hakuwa anarudi. Ukayabeba yote mawili kwenye begi la kijani. Mimi nikabaki hapa nikila uji wa mama na kuitwa mtoto mwema. Naona aibu, kaka. Sina neno kubwa zaidi ya hilo.

Nilikaa na jambo hili siku mbili. Nilijua kwamba nikikusafisha wewe, namnyang'anya mama dawa yake. Nilitaka kukuandikia kwa siri tu, uamue wewe, kama kawaida yangu ya kukuachia mzigo. Alhamisi alasiri nikaingia jikoni. Mama alikuwa anachambua maharage kwenye ungo. Nikapiga magoti nikamwambia yote kama nilivyokuambia, tangu mifuo minne mpaka meno.

Hakunipiga. Aliendelea kuchambua muda mrefu, akitupa mawe sakafuni. Kisha akauliza jambo moja tu: kwa hiyo alikuwa anakwenda? Nikamwambia ndiyo mama, alikuwa anakwenda. Akasugua mikono kwenye kanga. Akasema aliyekwenda amekwenda. Nimwandikie yule anayeweza kurudi.

Tangu hapo hajanitukana hata mara moja, na hilo ndilo linalonitisha. Nami sitamharakisha, ni haki yake. Lakini jana hakuutandika ule upande wa pili. Asubuhi hii ameniita, akaniagiza nitafute mbao nzuri niunge mguu wa kitanda, kwa sababu mwanawe wa kwanza ni mzito na hawezi kulala juu ya tofali.

Kwa hiyo njoo, kaka. Njoo na shemeji na watoto, paa la jikoni tutalipangia ndoo. Kipande cha kisimani nimekiacha nusu. Matairi sijayagusa, na kitambaa chekundu nimekifunga kwenye usukani, mafundo mawili. Nakungoja unisimamie tena: la kulia liende kushoto.

Shangazi anakusalimu, anasema picha ile imechakaa kwa kushikwa, lete nyingine. Mama hajasema nikusalimie. Amesema nikuulize kama bado unapenda chai ya maziwa yaliyoungua kidogo.

Ni mimi mdogo wako niliyekukosea,

Mshazari