Choo cha Pili

Kighare, Jumamosi, 7 Septemba 1974

Mama Elinami,

Basi nimekimaliza, kile choo cha pili ulichonisihi nikichimbe tangu mwaka jana.

Cha kwanza kilimridhisha bwana afya, lakini mkwe wetu, mke wa mwanetu, hakuwahi kukiingia. Angewezaje kuchutama pale anapochutama baba mkwe wake? Akaendelea kwenda migombani, karibu na mfereji, nawe ukawa unamsindikiza ili asione aibu peke yake. Nilijua. Niliogopa kuchekwa na wanaume wenzangu, nikanyamaza. Kisha kuhara damu kukakuchukua.

Jumapili mjukuu wetu naye alianza kuharisha. Kesho yake nikachukua sururu.

Leo jirani yetu Mchome alisimama njiani akinitazama nikiezeka. "Mzee, vyoo viwili boma moja? Unafungua hoteli?"

"Ndiyo. Karibu, ila uje na maji ya kunawa."

Alicheka sana, lakini hakuondoka. Mwishowe akauliza nimechimba futi ngapi. Yeye pia ana mke wa mwanawe nyumbani.

Jioni mkwe wetu alipita na kopo la maji kuelekea choo kipya. Hakunisalimu, nami sikutaka anisalimu. Nikageukia migomba, nikawa nakata majani makavu mpaka aliporudi ndani.

Mtoto amekunywa uji, na haujatoka.

Sijui kama ningechimba mapema ungekuwepo. Nalala na swali hilo, naamka nalo.

Unikumbuke, mama, pamoja na woga wangu.