Mume wangu anadhani mashine itasoma siri zake

Shikamoo Mama Hellen, naomba unisaidie kabla kichwa changu mimi hakijapasuka, maana mume wangu Masalu ni mnadi wa ng'ombe, sauti yake inajulikana minada yote ya huku, lakini siku hizi maneno yanamponyoka, anamnyooshea kidole fahali halafu jina linagoma kuja, mpaka akaanguka kama mwenye kifafa mbele ya wanunuzi, tukamkimbiza hospitali, picha ikaonyesha uvimbe kwenye ubongo. Daktari akasema unaweza kutolewa, ila umekaa jirani na sehemu inayotawala usemi, kwa hiyo kabla ya kupasua anataka picha ya aina nyingine, Masalu alale ndani ya mashine ataje wanyama kimoyomoyo, waone ni wapi ubongo unafanya kazi anapotafuta maneno, ili mpasuaji ajue pa kupita na pa kukwepa. Mimi nikamshukuru Mungu, mwenzangu akavaa kofia akatoka nje, nikamfuata, akaniambia, "Mashine inayoona mtu anawaza nini, mimi siingii. Mtu ana mambo yake." Mambo gani, Mama? Nikamuuliza, akashika njia akaenda zake, na kaka yake Nkwabi wa Buhongwa, ambaye ndiye aliyemtia maneno hayo tangu picha ya kwanza, anasema nimwache, atapona kwa mizizi ya kutoka Nansio. Tangu hapo silali, nawaza mwanamke, nawaza mtoto wa nje, na juzi nikamwambia simsindikizi hospitali mpaka aseme anachoficha, naye akajibu, "Basi vizuri, siendi." Tarehe ya kipimo inakaribia. Nifanyeje?

Evelina, Igoma

Marahaba, mwanangu, na pole sana. Sasa nisikilize, maana mmenichosha nyote watatu.

Mashine hiyo haisomi siri. Inaonyesha damu inakokimbilia ndani ya ubongo mtu anapofanya kazi fulani, basi. Masalu akitaja mbuzi kimoyomoyo, daktari hataona mbuzi, wala hataona jina la mwanamke yeyote. Ataona mahali panapochangamka, na hapo ndipo kisu kitakapopakwepa. Haiondoi hatari yote, upasuaji ni upasuaji, lakini inapunguza kubahatisha. Na mtu anayekula kwa ulimi wake ndiye wa kwanza kuihitaji!

Shemeji yako Nkwabi hana uvimbe kichwani, ndiyo maana ni jasiri hivyo. Hiyo mizizi anywe yeye.

Na wewe, Evelina! Mume anapoteza maneno, wewe unamwekea sharti la kuungama? Wivu wako nauelewa, hata mimi nisingelala. Lakini ukimzuilia matibabu ili akufungulie moyo, utabaki na mtu asiyeweza kufungua hata kinywa.

Leo hii mwambie sharti umelifuta, wala usilirudie kwa mafumbo. Kisha mrudisheni kwa daktari kabla ya tarehe, wewe ukae nje, Masalu aingie peke yake aulize anachoona aibu kukiuliza mbele yako. Akimaliza, Nkwabi naye aitwe asikie kwa masikio yake, aache kuokota habari vijiweni. Siku ya kipimo umshike mkono mpaka mlangoni.

Hayo mambo yake yasubiri. Akishapona, mkalishe chini umuulize, hata kwa ukali ukipenda. Mimi ninachotaka ni siku hiyo awe na maneno ya kukujibu.